Dakika Moja ya Chande

Nchi ninayoiandika hapa haipo. Niliitafuta kwenye ramani ya shule sikuiona, na nilipokwenda kuuliza ofisini nikaambiwa, "Vizuri sana mama, endelea hivyo hivyo kutoiona." Kwa hiyo msomaji asijisumbue kufananisha. Kama na kwenu yupo refa wa namna hii, poleni.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kulikuwa na timu mbili. Zilikuwepo nyingine kumi na mbili, lakini hizo ziliwekwa ili zifungwe. Timu ya kwanza iliitwa Ustawi, na mlezi wake alikuwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo, Furaha na Misiba. Wizara hizo ziliunganishwa kwa sababu zote tatu kazi yake ilikuwa kuzihutubia. Timu ya pili ni yetu, Wachukuzi, iliyoanzishwa na wabeba mizigo wa soko kuu. Sisi mashabiki wake tunaingia uwanjani na ngata vichwani, ile pete ya kitambaa anayoweka mchukuzi chini ya gunia ili lisimchubue. Ngata zetu ni za kijani. Timu ikifunga bao tunazirusha juu, na nyingine hupotea. Mimi ngata yangu nilikuwa nayo mwaka wa tisa.

Mdogo wangu Chande alibeba mizigo sokoni miaka ishirini na miwili na hakukosa mechi hata moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuona mpira badala ya kuutazama tu. Alikuwa na maoni juu ya kila mchezaji. Kuhusu beki wetu wa kushoto, Lugendo, alisema huyo akipanda anapanda kama mtu aliyesikia kwao kunaungua, na akirudi anarudi kama aliyeambiwa moto umeshazimwa. "Na krosi zake, Dada, zote zinawafikia watu waliokaa. Siku akimpa mtu aliyesimama, tutachinja mbuzi." Mshambuliaji wetu, Pengo, akiletewa mpira miguuni aliushangaa kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Kocha, Mwalimu Shomvi, mbinu yake ilikuwa moja: nyuma watu wote, mbele Mungu.

Ila refa, Chande hakuwahi kumtukana. Kazi hiyo aliniachia mimi.

Refa mwenyewe aliitwa Dokta Kanuti. Hakusomea udaktari; Shirikisho la Kandanda lilimtunuku Udaktari wa Heshima wa Muda, baada ya kugundua dakika tisa za nyongeza katika mechi ambayo hakuna mtu aliyeanguka, hakuna aliyebadilishwa, na mpira haukutoka nje ila mara mbili.

Sasa nieleze siku yenyewe. Naandika taratibu kwa sababu sitaki kitu kianguke njiani.

Ilikuwa mechi ya kuamua ubingwa. Ustawi sare iliwatosha. Sisi tulitakiwa kushinda. Dakika ya sabini Pengo alikuwa amewapa Ustawi mgongo akifunga kamba ya kiatu, mpira ukamgonga kisogoni ukaingia golini. Tulirusha ngata. Chande alirusha yake, akarusha na yangu. Baada ya hapo Mwalimu Shomvi akawaingiza watu wote kumi na mmoja ndani ya boksi, na dakika tisini zikaisha tukiwa moja, wao bila.

Mwamuzi wa akiba akanyanyua kibao cha dakika za nyongeza. Hakikuwa na namba. Kiliandikwa MPAKA.

"Mpaka nini?" nikauliza.

"Tulia, Dada," Chande akasema. "Labda namba zimeisha."

Ilifika dakika ya kumi ya nyongeza, ikafika ya ishirini. Wachezaji wetu walianza kukaa chini; Dokta Kanuti akaongeza dakika kwa ajili ya kukaa. Walipoinuka akaongeza kwa ajili ya kuinuka. Ustawi walibadilisha wachezaji mara nane, na wawili kati ya walioingia sikuwahi kuwaona hata kwenye mazoezi, mmoja alikuwa bado na saa ya mkononi. Jua lilikuwa limetusimamia utosini. Mzunguko, tunakokaa sisi, hauna paa. Paa liko jukwaa kuu.

Kwenye dakika ya thelathini Chande akanishika bega. "Kifua kinabana. Twende nje nikanywe maji."

Mageti yalikuwa yamefungwa. Katika nchi hiyo hakuna kutoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho, ili hotuba ya Mheshimiwa ya kufunga isikutane na viti vitupu. Mlinzi alikuwa kijana wa heshima. Sitamsema vibaya zaidi ya alivyosema mwenyewe.

"Mama, mpira haujaisha."

"Mtu anaumwa. Si unamwona?"

"Namwona mama. Pole yake. Lakini mpira haujaisha."

"Basi mletee maji tu."

"Maji yako nje, na nje ni baada ya mpira. Ni kanuni, mama, mimi sijaitunga."

Nikamlaza Chande kando ya ukuta, kichwa chake nikakiegemeza kwenye paja langu. Kutoka pale uwanja hauonekani. Akaniuliza, "Bado tunaongoza?"

Nikamwambia, "Bado."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ilikuwa dakika ya thelathini na nane ya nyongeza. Mtu wa pembeni yetu alikuwa anazihesabu kwa sauti, ndiyo maana najua. Kwenye ya arobaini na moja, nilisimuliwa baadaye, mchezaji mwenye saa alifunga kwa mkono, ule ule wenye saa, na Dokta Kanuti akapuliza filimbi ya mwisho kabla mpira haujaacha kudunda. Ustawi bingwa. Geti likafunguliwa. Mlinzi akanisaidia kumbeba.

*

Matangani sikulia sana. Wanawake walinisema. Nilikuwa nimekaa mkekani napanga sentensi.

Nina elimu ya kidato cha nne, na barua ya kikazi najua kuiandika. Niliwaomba Shirikisho mambo mawili: waandike kwenye ripoti ya mechi kwamba Chande Mrisho alifia uwanjani mchezo ukiendelea, na wampe dakika moja ya ukimya.

Barua yangu ilipelekwa Kamati ya Ukimya, nao wakaniletea fomu. Nilijifunza mengi kutoka kwenye fomu ile. Waziri anapewa dakika nzima, mkurugenzi nusu dakika, shabiki wa Ustawi sekunde nane. Shabiki wa timu nyingine "atakumbukwa kwa namna itakayopangwa". Kulikuwa na swali: *Je, marehemu aliwahi kusababisha usumbufu wa aina hii siku za nyuma?* Nikajaza, hapana.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mchezo, walisema, uliisha rasmi dakika ya tisini na tatu, kwa kuwa kumbukumbu za kimataifa haziruhusu zaidi. Marehemu alifariki muda mrefu baada ya mchezo, akiwa raia aliyebaki uwanjani kwa mapenzi yake. Nikaandika tena: kama mchezo uliisha dakika ya tisini na tatu, bao la Ustawi lilifungwa lini? Hilo walilijibu siku ile ile.

"Bao lilifungwa ndani ya mchezo. Kifo kilitokea nje ya mchezo. Mambo haya mawili yasichanganywe."

Nikavaa vizuri nikaenda ofisini. Katibu wa Shirikisho alinipokea kwa mikono miwili, akaniagizia soda.

"Dada yangu, msiba wako ni wetu. Lakini elewa kitaalamu. Bao ni la timu, kifo ni cha mtu binafsi. Haviwezi kutumia saa moja."

"Lakini kifo kilitangulia. Dakika tatu kabla ya bao."

"Kilitangulia huko kwake. Sisi hapa tunahesabu ya kwetu."

"Na refa?"

"Ah, refa!" Uso wake ukachangamka. Akafungua droo akanipa kijitabu kipya, bado kinanukia wino. "Maneno yalikuwa mengi juu ya Dokta, tukatunga hii. Kanuni ya Usahihi wa Muda. Soma kifungu cha saba."

Nikasoma. *Tukio lolote la uwanjani linaloanzishwa na kumalizwa kwa filimbi ya mwamuzi, likisumbuliwa kwa namna yoyote, mwamuzi ataongeza muda anaouona unafaa, wala hataulizwa na mtu wa cheo chochote.*

"Umeona? Midomo yote imefungwa."

Nikamwambia imeandikwa vizuri. Sikuwa natania. Nikauliza kama naweza kwenda nacho nyumbani, akanipa na Kanuni ya Ukimya juu yake, bure, na kalenda.

Nyumbani nilivisoma vyote viwili, cha pili mara nne. Kanuni ya Ukimya Mheshimiwa aliitunga mwenyewe siku alipofiwa na mama mkwe, kwa hasira, kwa sababu watu walikaa badala ya kusimama. Inasema ukimya unaanza kwa filimbi ya mwamuzi na unaisha kwa filimbi ya mwamuzi. Inasema wakati wa ukimya watu wote, wa cheo chochote, watasimama wima, vichwa wazi, pasipo mwavuli wala paa, na hakuna atakayeketi, kunywa, kula au kutoka. Nilimkumbuka Chande siku hiyo nikacheka peke yangu, cheko lililowaleta majirani kuuliza kama niko salama.

Kesho yake nikamfuata Mwalimu Shomvi mazoezini. Lugendo alikuwa anapiga krosi. Moja ikampata muuza karanga.

"Mwalimu, hawa vijana wako wanaweza kukohoa?"

"Dada Sikudhani, nikuambie ukweli? Katika vitu vyote ninavyowafundisha, hicho labda."

*

Mechi ya marudiano na Ustawi ilikuwa ya kufungua msimu, na wageni walialikwa kutoka mashirikisho ya nchi saba kuja kuona jinsi kandanda lilivyostawi kwetu. Wachukuzi wakapeleka ujumbe: hatuingii uwanjani mpaka Chande apewe dakika yake. Mheshimiwa akapiga meza. Halafu akakumbuka wageni.

"Mpeni," akasema. "Dakika moja tu. Msitaje jina, wala mahali, wala sababu. Waambieni ni ya mpendwa fulani."

Mimi mfiwa niliwekwa pamoja na wakubwa ili nipigwe picha. Kwa ajili ya dakika yenyewe tulishushwa wote kutoka jukwaa kuu, tukapangwa pembeni mwa uwanja, pasipo paa, kama kanuni isemavyo. Kati yangu na Mheshimiwa zilikuwa hatua kumi. Ilikuwa saa nane mchana. Alikuwa amevaa suti nyeusi ya sufi na viatu vipya.

Akahutubia kwanza. "Ndugu wageni, ndugu wananchi. Ukimya tunaokaa leo ni wa kihistoria. Serikali yenu sikivu imetenga sekunde sitini, zote mpya, hazijawahi kutumiwa na marehemu mwingine. Kuna nchi tajiri zinazokaa kimya sekunde thelathini na kujiita zimeendelea. Sisi hatukuona sababu ya kubana."

Wakapiga makofi. Kofia zikavuliwa, nasi tukashika ngata mikononi. Dokta Kanuti akapuliza.

Sekunde ya hamsini, Lugendo akakohoa.

Dokta Kanuti ni mtu wa mazoea. Akisikia usumbufu, mkono wake unafika kwenye saa kabla akili haijafika. Akaandika. Mwamuzi wa akiba akanyanyua kibao: 4.

"Nini hicho?" akauliza Mheshimiwa. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, swali likazunguka uwanja mzima. Kibao: 9.

Mtangazaji akaona asaidie. "Mashabiki mnaombwa msikohoe." Kibao: 15.

Hapo Katibu akachomoka mbio hadi katikati ya uwanja. Alinong'ona, lakini uwanja ulikuwa kimya, tukasikia kila neno.

"Maliza! Puliza hiyo filimbi, maliza!"

"Muda haujatimia, Bwana Katibu."

"Wewe ndiye mwenye muda!"

"Ndiyo, na kifungu cha saba ndicho kinachonilinda. Nikikata hii kabla haijatimia, kesho wataniuliza ile nyingine kwa nini sikuikata. Ustawi warudishe kombe?"

Kuingia uwanjani bila ruhusa ya mwamuzi: 22. Katibu akalazimika kubaki palepale katikati, amesimama wima, kwa sababu kurudi nako kungekuwa usumbufu.

Basi mchezo ukaanza. Sijawahi kuwaona Wachukuzi wakicheza vile. Mwalimu Shomvi alisimama kwenye mstari wake, mikono kiunoni, akitoa ishara kwa kidole kimoja. Kikohozi kilianzia kwa kipa, kikaenda kwa mabeki wa kati, wakapasiana, hawana haraka. Kikapelekwa kushoto kwa Lugendo. Lugendo akakinyanyua, kirefu, kikavuka uwanja mzima na kumwangukia Pengo upande wa pili, na Pengo, wallahi, hakukishangaa. Alikipokea kwa kifua, akakimaliza kwa chafya. Mzunguko mzima ulitaka kupiga kelele; tukauma ngata. Krosi ya kwanza ya maisha yake, na Chande hakuiona.

Kibao kilionyesha 51. Baadaye 70. Wageni mwanzo walishangaa, kisha wakanong'onezana kwamba bila shaka ndiyo mila yetu ya kuomboleza. Mgeni mmoja mzee, mwenye adabu zake, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa na kukohoa mara mbili kwa heshima. Wenzake sita wakafuata. Kibao kikahitaji tarakimu tatu. Mwamuzi wa akiba akaazima kingine akavishika viwili.

Saa ya kwanza ilipopita, Mheshimiwa alikuwa amebadilika rangi mara mbili. Upara wake ulikuwa unachemka. Viatu vipya vilimfanya asimame kwa mguu mmoja, halafu mwingine. Saa ya pili ilipokaribia akamwita mlinzi aliyekuwa nyuma yetu. Hakuwa yule wa geti, lakini walisomea kazi pamoja.

"Maji."

"Mheshimiwa, maji yako ndani, na ndani ni baada ya dakika."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, Mheshimiwa. Na Mheshimiwa ndiye aliyesema wa cheo chochote."

Mazungumzo yale yalituongezea dakika kumi na moja. Mimi nilisimama. Nilikuwa nimekunywa maji ya kutosha asubuhi, nimevaa kaniki nyepesi na ndala. Nilimtazama jinsi alivyolamba midomo na kuukuta ulimi nao mkavu. Sikutazama pembeni hata mara moja. Nilitaka nikumbuke kila kitu, kama ninavyokumbuka ile siku nyingine.

Mwishowe Mheshimiwa akanigeukia kwa macho tu, bila kugeuza shingo.

"Mama. Unataka nini?"

"Jina lake, mahali alipofia, na dakika."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Nilisema hayo tu. Nayaandika kama nilivyoyasema.

Akampa Katibu ishara kwa nyusi. Katibu akaletewa kipaza sauti na karatasi yangu palepale katikati, na kwa sauti iliyokauka akasoma kile nilichokuwa nimekiandika nyumbani kwa mkono wangu, maana nilijua ofisi ile isingeipata sentensi yenyewe.

"Chande Mrisho, mchukuzi wa soko kuu, alifia ndani ya uwanja huu, mchezo ukiendelea, dakika ya thelathini na nane ya nyongeza, timu yake ikiongoza bao moja kwa bila, baada ya kuomba maji na kunyimwa."

Hakuna aliyeshangilia. Mchukuzi akishaufikisha mzigo huitua ngata yake chini mbele ya miguu, ndivyo wanavyofanya sokoni kuonyesha kazi imekwisha. Mashabiki wakazitua, mmoja baada ya mwingine, mpaka mzunguko mzima ukawa na mstari wa kijani. Dokta Kanuti akafuta yote aliyoandika. Kibao kikashushwa kikapandishwa tena: 1. Mwalimu Shomvi akakunja kidole chake akakitia mfukoni. Basi.

Na safari hii watu walinyamaza kweli. Elfu ishirini. Nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Lugendo alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka, na hakuvuta pua.

Najua Chande angesema imetosha. Alikuwa mtu wa kusema imetosha. Hata gunia likimzidi alisema halijamzidi.

Sekunde ya arobaini. Ya hamsini. Nyuma ya Mheshimiwa mlinzi alikuwa tayari ameleta kiti, na mkononi ana chupa ya maji, ya baridi, inatoka jasho. Mheshimiwa aliiona kwa pembe ya jicho. Akaanza kukunja goti.

Sikuwa na mafua. Kwenye sekunde ya hamsini na nane nikavuta pumzi, nikakohoa.